Chuma cha Mlango wa Jikoni

Mwanangu Esha,

Salamu niziache, maana tumesalimiana leo asubuhi ukiwa na mswaki mdomoni, ukanijibu kwa nyusi. Hujambo, najua. Mwenye jambo ni mimi.

Umekwenda Rayners Lane kumuaga shangazi yako Zainabu, na ninavyomjua dada yangu hakuachii mpaka ule mara mbili na ufungiwe kingine cha njiani. Kwa hiyo nina saa tatu hivi. Nimekaa jikoni kwetu hapa Woolwich, ni saa kumi tu na taa nimeshawasha, mwezi huu jua la huku lina haraka ya kwenda zake. Kesho saa kama hizi utakuwa angani na flati hii itakuwa ya mtu mmoja. Leo nilijaribu kusema kwa sauti, peke yangu, "Esha amesafiri," nisikie inavyolia. Inalia vibaya.

Sitakuambia uvae nini wala ule nini. Dawa za malaria unazo, mitandio umenunua ya kufunika mtaa mzima, na kampuni yako imekupa makaratasi ya usalama mpaka nimeogopa mimi ninayebaki. Ninachotaka kukuandikia ni jambo ambalo hapa duniani ninalijua peke yangu. Naliandika kwa Kiswahili, ingawa unakisoma polepole na kidole juu ya mstari. Kiingereza changu nilijifunza kwa kujieleza mbele ya maofisa, na mtu akizoea kujieleza kwa maofisa hujifunza pia kuacha mambo nje.

Mwezi uliopita uliweka kompyuta yako kwenye meza hii, ukaniita.

"Baba, njoo uone. This is your port."

Ilikuwa picha ya sakafu ya bandari ya Kismayu, ile iliyopigwa kwa mawimbi ya sauti kabla hawajakuajiri wewe ukamalizie kupima. Ukanionyesha gati, ukanionyesha njia ya kuingilia meli. Halafu ukaweka kidole kwenye kitu chekundu kilicholala ubavu kando ya gati.

"Hii hatuijui. Kwenye ramani wameandika tu wreck, unknown, mabaki yasiyojulikana. Watu wa huko wanasema ni tagi, boti ya kuvuta meli, na wakati wa vita some captain left a valve open, aliacha vali wazi, ikazama. Unakumbuka chochote, Baba?"

Nikasema, "Sijui, mwanangu. Ni zamani."

Ukafunga kompyuta, ukaenda kujaza birika, na kama kawaida yako ukausukuma mlango wa jikoni kwa mguu mpaka ukagota kwenye kile chuma. Unakijua. Kile cha duara, cha shaba, chenye mikono minne ndani, kilichozuia mlango huu tangu hujajua kutembea. Ulipokuwa na miaka sita ulijigonga nacho kidole cha mguu, ukalia, ukakipiga teke kukiadhibu, ukajigonga tena. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Chuma hicho, Esha, ni usukani wa vali ya tagi ile. Niliung'oa mimi. Tagi niliizamisha mimi.

Nimeinuka nikanywa maji. Nimerudi.

Nianze na bandari yenyewe, maana wewe umeiona ikiwa rangi tu kwenye kioo. Nilipokuwa fundi wa injini pale, ilikuwa na sauti. Ng'ombe na kondoo wakipandishwa melini, winchi zikilia, makuli wakitukanana kwa upendo. Ndizi zilishuka kutoka mashamba ya mtoni kwa malori, zikiwa bado mbichi, na meli zilizokuja kuzibeba hazikuwa na subira, kwa hiyo sisi wa tagi tulikuwa watu wakubwa. Meli kubwa haijifungi gatini yenyewe. Inasukumwa, inavutwa, inabembelezwa. Tagi yetu tuliiita Bi Harusi kwa sababu ya kibanda chake cheupe, na nahodha wake alikuwa Shee Bakari.

Huyu Shee nataka umjue vizuri. Alikuwa mtu wa kwetu, Mbajuni kama sisi, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Hakupiga kelele hata siku moja. Akiwa juu kwenye usukani na mimi chini kwenye injini, aligonga bomba kwa spana: mara moja twende, mara mbili simama, mara tatu rudi nyuma. Ukimwuliza swali la maana alikaa nalo, akakujibu kesho yake, wewe umeshasahau ulichouliza. Vijana tulimtania kwamba hata kadhi alipomwuliza kama amekubali ndoa, alijibu baada ya mwaka. Yeye alitabasamu tu, na jibu la utani huo nadhani bado analo.

Vita havikutufikia kama vita. Vilitufikia kama kazi kupungua. Meli zilizoahidi kuja hazikuja. Taa za maboya zilizimika moja baada ya nyingine na hakuna aliyekwenda kubadilisha. Mwendesha kreni aliondoka bila kuaga. Kisha asubuhi moja tukakuta maghala yana watu wenye bunduki, na baada ya wiki wakawa ni wengine, na wale wa mwanzo hatukuwaona tena. Sisi hatukuwa na bunduki wala jamaa wa kututetea. Tulikuwa na tagi.

Waliitaka. Walipanda kwenye kile kibanda cheupe, wakakaa na Shee, na Shee akawapikia chai. Niliwasikia wakicheka. Siku ya pili walikuja tena, wakapeana mikono. Karani mmoja wa ghala akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Athman, Shee kashauza. Keshokutwa wanaichukua, na yeye ndiye atakayewaendeshea."

Nilimkatalia. Nikashuka kwenye chumba cha injini, nikapima matangi ya mafuta kwa fimbo. Yalikuwa yamejaa mpaka juu. Esha, mji mzima haukuwa na dizeli. Jenereta ya hospitali ilikuwa imezimwa. Na tagi isiyo na kazi imejaa mafuta. Nikasema, basi, ushahidi ndio huu.

Shee mwenyewe alikuwa juu yangu, hatua kumi na mbili za ngazi. Sikupanda kumwuliza.

Gati letu lilibaki tupu wakati mmoja tu wa siku, Magharibi. Kuli, karani, mlinzi, nahodha, wote walipanga safu nyuma ya ghala la kwanza, na hata hao wenye bunduki waliziegemeza ukutani wakaingia kwenye safu. Mimi jioni hiyo nilisema tumbo linaniuma. Chini kabisa ya injini kuna vali inayoingiza maji ya bahari ya kuipozea. Nilifungua kifuniko cha chujio, nikaizungusha vali mpaka mwisho, kisha nikafungua nati nikang'oa usukani wake, ili asitokee mtu wa kuifunga. Maji yaliingia kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Anayeswalisha alikuwa Shee. Nilimsikia akisoma, na watu wakaitikia amina, nami nimepiga magoti kwenye maji na grisi, nikijiona shujaa.

Nilikwenda kuuficha usukani kwenye uwanda nje ya mji, nikalala huko huko kwa hofu. Alfajiri nikauchukua, asije mtu akauokota, nikautia kwenye mfuko wangu wa nguo za kazi, nikarudi gatini kujifanya nashangaa.

Nilikuta watu. Nilitarajia wenye bunduki, nikakuta akina mama na watoto, mabunda ya nguo, kuku ndani ya kikapu. Dada yangu Zainabu alikuwepo. Mama yako alikuwepo, tulikuwa na miezi minne ya ndoa, ameshika birika na Kurani. Shee hakurudi gatini baada ya sala, na gizani hakuna aliyeiona tagi ikizama; alikuwa amepita nyumba kwa nyumba baada ya Isha akiwaambia: alfajiri tagi inavuka kwenda upande wa Kenya, njooni kimya kimya. Kwetu alifika mimi sipo. Wenye bunduki aliwanywesha chai na kuwakubalia kila walichotaka ili wampe siku mbili. Dizeli aliikusanya kidumu kidumu, nyingine aliinunua kwa dhahabu ya mkewe.

Mafuta yale yalikuwa yetu, Esha. Yalikuwa ya safari yetu.

Shee alisimama ukingoni akatazama chini. Juu ya maji ulibaki mlingoti tu na kipande cha kibanda cheupe. Akakaa chini kwenye saruji, mtu mzima, miguu amenyoosha mbele. Kuna aliyemwuliza, kwa upole tu, "Nahodha, vali hukuiacha wazi?" Maana yeye alikuwa wa mwisho kuonekana ndani alasiri ile. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alijibu papo hapo. Alisema, "Labda. Labda niliiacha."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na mfuko begani. Hatua tatu nimezipima mara nyingi humu ndani, ni kutoka jiko mpaka friji.

Sikusema.

Alihangaika mpaka akapata boti mbili ndogo za injini. Hazikutosha watu wote. Alipakia mwenyewe, kwa mkono wake, akimshika kila mtu kiwiko. Alinishika na mimi. Alisema, "Athman, wewe ni fundi, injini za hawa ni mbovu, nenda nao." Yeye na mkewe wakabaki na waliobaki. Yaliyowapata sitayaandika. Mkewe hakumaliza mwaka.

Sasa unaweza kudhani kwamba mambo hayo yaliishia hapo, na mimi nilijaribu kudhani hivyo nikiwa kambini Mombasa na baadaye hapa. Lakini bandari haisahau kilichomo ndani yake. Meli za chakula zilipoanza kuja, manahodha walikataa kufunga kwenye gati lile kwa sababu ya kilicholala pale. Wakatia nanga nje, na magunia yakashushwa kwenye vyombo vidogo, yakabebwa kwa mgongo, mengine yakaanguka majini. Zainabu alikuwa akinisomea barua za jamaa na kulia. Nilimwambia vita vimeharibu kila kitu. Mtu akisema vita vimefanya, hakuna anayemwuliza jina.

Mikono iliyoitawala bandari ile ilikuwa mingi, leo hawa, kesho wale, na kila aliyekuja alitoza na kuondoka na kitu. Mimi huku nilikuwa nafagia. Umenijua nikivaa fulana ile ya kung'aa alfajiri, nikienda kusafisha ofisi kwenye majengo ya vioo. Pale zamani palikuwa bandari ya watu wa huku. Wameacha kando ya maji vile vigingi vya chuma vya kufungia kamba za meli, vimepakwa rangi nyeusi nzuri, na wenye suti hukaa juu yake wakila sandwichi. Mapumziko yangu nilikuwa nakaa kwenye kimoja. Nilishika chuma chake na kuwaza kwamba bandari ya hapa ilikufa na hakuna aliyelazimika kujificha kwa ajili yake.

Kisha yetu ikaanza kuinuka. Uliniona nikitazama zile video anazonitumia binamu yangu aliyebaki Kismayu, ukanitania kwamba nina mchumba kwenye simu. Nilikuwa natazama boya jipya. Nilikuwa natazama gati likimwagwa saruji, mlango wa chuma ukipakwa rangi, meli ya kwanza ya mbuzi, makontena ya kwanza yakishushwa na winchi za meli yenyewe kwa sababu kreni bado. Nilifurahi mpaka nikashindwa kulala, na nilikuwa peke yangu katika furaha ile, maana ningekwambia ungeniuliza.

Wasimamizi wa bandari waliwaita wazee wanaoijua njia ya maji, waliofanya kazi zamani, wakaandikishe majina. Shee alikwenda. Binamu yangu alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo. Anasema alivaa kofia yake ya zamani ya kazi, ameifua. Mtu mmoja nyuma yake akacheka, "Huyu si ndiye aliyeizamisha tagi? Mkimpa meli mfiche na vali." Foleni nzima ikacheka. Shee akageuka akamwambia, "Labda ni kweli," akatoka kwenye foleni akaenda nyumbani. Siku hizi anafumua kamba kuukuu za meli na kusuka mazulia ya mlangoni.

Binamu yangu alinisimulia hayo kama kichekesho. Nami, Esha, kwenye simu, nilicheka.

Mama yako hakujua. Kila Idi aliusugua usukani ule kwa majivu na ndimu, baadaye kwa ile dawa ya kopo, mpaka unang'aa. Mara moja alinyanyua uso akaniuliza, "Baba Esha, kitu hiki kina mwenyewe?" Nikamjibu, "Cha kazini." Akaendelea kusugua. Nadhani alikuwa anangoja niongeze neno. Miaka minne sasa tangu tumzike, na neno lile bado ninalo.

Na wewe nimekukosea kivyako. Ulipokuwa mdogo ukiniuliza kwetu kukoje, nilisema "kuzuri" nikawasha televisheni. Ulidhani ninaumwa na vita, ukawa unaninyamazia kwa heshima, hata walimu wako uliwaambia baba yangu hapendi kuulizwa. Ulinionea huruma ambayo haikuwa haki yangu, na niliipokea. Halafu ukaenda kusomea kazi ya kupima kilicho chini ya maji. Siku uliyoniambia niliingia chooni nikafungua bomba nisisikike.

Kuna jambo moja nililolipata katika haya, na silisemi kwa kuwa nimekuwa mwema. Huko unakokwenda utaambiwa habari za watu. Fulani aliuza, fulani alikimbia, fulani alikuwa upande ule. Utaonyeshwa na ushahidi, kama nilivyoonyeshwa matangi. Mwulize mwenyewe. Hata akiwa mtu wa kujibu kesho yake, ingoje hiyo kesho. Mimi sikuingoja.

Kwa kazi yako: omo ya tagi, yaani sehemu yake ya mbele, inatazama lango la kuingilia meli. Mlango wa chumba cha injini niliuacha wazi, upande wa gati. Matangi yote mawili yalikuwa yamejaa dizeli, na kama chuma kimehimili, dizeli hiyo bado imo. Waambie wapiga mbizi kabla hawajagusa chochote. Waambie umeambiwa na fundi wake.

Lakini kabla ya ofisi, nenda kwa Shee. Binamu yangu atakupeleka. Mpe usukani mkononi na umwambie, "Baba yangu Athman anasema vali aliifungua yeye. Wewe uliifunga." Usiniombee msamaha, huo si mzigo wako. Akitaka kukujibu kesho yake, rudi kesho yake.

Nilikuwa nimeshaitia barua hii sandukuni mwako, Esha, chini ya viatu, pamoja na usukani umeviringishwa kwenye taulo. Nilipima, sanduku lina kilo ishirini na tatu kasoro kidogo, linapita. Niliwaza utaisoma huko, mimi niko huku, na kesho uwanja wa ndege nitakukumbatia nikiwa kimya. Ndipo nikaona kwamba hivyo ndivyo nilivyofanya alfajiri ile: mzigo uko ndani ya mfuko, mtu ninayempenda ananishika kiwiko, nami napanda boti.

Nimeitoa. Nimeutoa na usukani. Mlango wa jikoni umeshajifunga mara mbili kwa sababu hauna cha kuuzuia, na mara zote mbili nimeshtuka nikidhani ni wewe.

Sasa nimekaa kwenye kiti kinachoelekea mlangoni, usukani uko mapajani mwangu ndani ya taulo lake. Ukiingia utaniuliza mbona ukumbini kuna giza, maana taa ya huko sijaiwasha. Sitakuambia sijui. Nitakupa barua hii mkononi, nitakaa hapa hapa mpaka kidole chako kifike mstari wa mwisho, na utakaponitazama nitakuwa bado nipo.

Baba yako,
Athman